Mwaka wa Opereta C

Habari ya kifo cha Tata Kalenga ilinikuta darasani, Lubumbashi, nikiwa katikati ya kumtumia. Sina neno jingine, ni kumtumia tu. Kila mwaka, nikifundisha mbinu za utafiti, huwaeleza wanafunzi juu ya mtu ninayemwita Opereta C. Nawaonyesha jinsi ya kukaa kando ya mtu anayeongoza mashine bila kumsumbua, jinsi ya kumwomba aseme mawazo yake kwa sauti wakati mikono inafanya kazi, na jinsi ya kuandika anachosema bila kukipamba. Wanafunzi wanacheka pale ninapotaka wacheke, wananyamaza pale ninapotaka wanyamaze, na mimi najiona mwalimu hodari. Siku hiyo simu ikatetemeka mezani. Alikuwa Ilunga, aliyewahi kuwa opereta pamoja naye kule Kolwezi: Tata Kalenga ametuacha, kilio kiko Kasaji, kama una nguvu uje. Nilisoma, nikaifunika simu, nikaendelea. Nilimaliza somo lote mpaka kengele. Hilo ndilo linalonichoma mpaka sasa, maana mtu mwenye damu mwilini angekaa chini.

Mwaka nilipomjua nilikuwa na miaka ishirini na minne na kichwa kimejaa upepo. Kiwanda kimoja cha kuchenjua shaba na kobalti, nje kidogo ya Kolwezi, kilitaka kubadilisha chumba chake cha kuongozea mitambo: kutoa ukuta wa zamani wa taa na vifungo, kuweka skrini. Prof aliyekuwa anasimamia kazi yangu ya mwisho chuoni alipewa jukumu la kuchunguza kwanza jinsi maopereta wanavyofanya kazi, ili skrini iwafuate wao badala ya wao kuifuata skrini. Nilipenda sana sentensi hiyo. Niliirudia kwa kila mtu, hata kwa mama aliyenipangisha chumba, naye akanijibu kwamba hajawahi kuona kitu cha tajiri kikimfuata mfanyakazi, labda mbwa. Nilimcheka. Siku hizi simcheki.

Chumba chenyewe nakikumbuka kuliko nyumba zote nilizokaa. Kilikuwa kirefu na chembamba kama behewa. Dirisha lilitazama vilima vya mchanga wa kijivu uliokwisha kuchenjuliwa mara moja na kutupwa, na kioo kilikuwa na vumbi la miaka. Kiyoyozi kilidondosha maji ndani ya ndoo ya rangi, tik, tik, kutwa. Kulikuwa na viti vinne, na kimoja sponji yake imefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Hicho kilikuwa cha Tata Kalenga, opereta mkongwe, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Harufu ya asidi ilikaa kooni, hata ukifika nyumbani bukari, ugali wetu, ilikuwa na ladha yake. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Wiki ya kwanza walisimama kila nilipoingia na kuniita mademoiselle, jambo ambalo kwa utafiti ni balaa, kwa sababu mtu aliyesimama mbele yako kwa heshima hawezi kukuonyesha anachofanya kweli.

Nilifanya kosa la wageni wote. Nikawauliza: hii taa inawasaidia? Ndiyo, inasaidia. Hivi vifungo viko sawa? Viko sawa. Nikajaza daftari zima la ndiyo. Prof alilifungua, akasoma kurasa mbili, akanirudishia. Aliniambia kwa upole kwamba katika nchi hii hakuna mtu atakayemwambia mgeni kwamba chakula chake hakina chumvi, basi niache kuuliza watu wanapenda nini, niangalie mkono. Mkono unakwenda wapi kwanza, unasita wapi, unaogopa wapi. Nikarudi, nikakaa kwenye debe kando ya ukuta, nikaanza kuangalia mikono.

Kabla ya kurekodi, sheria ya kazi yetu ilitaka nimsomee kila opereta karatasi ya ahadi. Niliisoma kama padri anavyosoma Injili, kwa kiburi cha kijana mwenye karatasi: jina lako halitaandikwa popote, utapewa herufi, hakuna mkubwa wako atakayejua nani alisema nini. Wengine walitia saini kabla sijamaliza. Tata Kalenga alivaa miwani, akaisoma mwenyewe, pole pole, kidole chini ya kila neno. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujificha.

“Mutoto wangu, jina mutaficha. Na sauti?”

Nilimweleza kwamba kanda tutazisikiliza mimi na Prof tu, halafu zitafutwa. Akatikisa kichwa, akatia saini. Alikuwa ameniuliza kitu kingine kabisa, nami nilijibu habari za kanda.

Kusema mawazo kwa sauti huku unafanya kazi si jambo rahisi. Ilunga alijaribu, akawa kama mtoto anayesoma ubao mbele ya inspekta, halafu akanyamaza na jasho likamtoka. Wengine wawili walinong’ona namba tu. Tata Kalenga peke yake ndiye hakupata shida, kwa sababu yeye alikuwa anazungumza na mashine tangu zamani. Pampu namba nne, inayosukuma asidi kwenda kwenye matangi, aliiita mama mkwe. Alikuwa Mlunda wa kule Kasaji, na kwao mama mkwe humkaribii ovyo: unapita mbali, unainamisha macho, hunyooshi mkono mbele yake. Basi na pampu ile hakuikaribia ovyo. Alipotaka kuisimamisha aliipunguza kidogo, akangoja, akaipunguza tena, akangoja, mara ya tatu ndipo akaizima, na muda wote anaiomba radhi. Wenzake walimtania hadharani, na mzaha wa mama mkwe wa Kalenga ulizunguka kiwanda kizima. Lakini zamani injinia kijana aliwahi kuizima kwa pigo moja, bomba likaruka kutoka mahali pake na kupasuka, na tangu siku hiyo wote waliomtania Tata Kalenga walifanya kama yeye mzee, ila kimya kimya.

Jambo la pili nililojifunza, nilijifunza kwenye sahani. Kulikuwa na kitabu cha kukabidhiana zamu, kila zamu inaandika: hali ni ya kawaida. Kitabu kizima hali ni ya kawaida. Makabidhiano ya kweli yalifanyika saa nane mchana, wakati wanaotoka na wanaoingia walipokula pamoja, bukari na sombe ya majani ya mihogo kwenye beseni moja, mikono ikigongana. Pale ndipo habari zilipotolewa: valvu ipi imechoka, bomba lipi linalia. Na pale ndipo Tata Kalenga alipowaambia wenzake juu ya taa nyekundu ya tangi la pili. Taa ile, yenye kengele ndani, ilipiga kelele kila saa bila sababu. Kifaa chake cha kupimia kilikuwa kimeliwa na asidi, waliripoti mpaka wakachoka, hakikuletwa kingine. Basi kila ilipolia, kidole kiliinyamazisha bila jicho kutazama. Mtu anaendelea na hadithi yake, kidole kinakwenda chenyewe. Nilichora mstari mmoja kwa kila mara, kwa kila opereta. Nilifurahi kama mtu aliyeokota jiwe la maana! Hapa ndipo mfumo ulipokuwa umeoza, na mimi nilikuwa na ushahidi, kurasa kwa kurasa, mkono kwa mkono.

Walikuwa wamenizoea sasa. Walinisogezea beseni, nami nilinawa na kula. Nilitengeneza skrini ya karatasi, vipande vya manila nilivyovichora kwa kalamu za rangi na kuvipanga mezani. Opereta alibonyeza karatasi kwa kidole, nami nilibadilisha vipande haraka haraka kana kwamba ni kompyuta. Walicheka sana. Nilipoweka kifungo kimoja cha kuzima pampu namba nne, Tata Kalenga aliweka mkono nyuma ya mgongo na kukataa kubonyeza. Nikachora kingine chenye hatua tatu. Akakibonyeza mara tatu, akingoja katikati, akaniangalia kama fundi anavyomwangalia mwanafunzi wake siku ya kwanza asipoharibu kitu. Sijawahi kupata alama chuoni iliyonifurahisha kama jicho lile.

Halafu nikaandika ripoti. Nilifanya kila kitu kama kitabu kilivyosema. Majina niliyaondoa: A, B, C, D. Maneno ya watu niliyaacha yalivyo, kwa sababu mbinu yetu inataka maneno ya mtu yaachwe yalivyo, na kwa sababu, niseme ukweli, yalikuwa matamu na nilitaka watu waisifu kazi yangu. Kwenye ukurasa wa Opereta C niliweka: “Ngoja kwanza, mama mukwe, siko nakuangalia mu macho.” Chini yake nikaweka hesabu ya mara alizoinyamazisha taa ya tangi la pili bila kutazama. C aliongoza, maana yeye alikuwa mzoefu kuliko wote na kidole chake kilikuwa chepesi. Nilisoma ukurasa huo mara ngapi? Labda ishirini. Niliona herufi C. Sikumwona mtu.

Tuliiwasilisha katika chumba cha mikutano cha kiwanda, penye meza inayong’aa na chupa za Fanta zilizotoka kwenye barafu. Chef wa uzalishaji, mkubwa wa maopereta wote, alikaa katikati, mtu mnene, mpole, mwenye kikohozi. Nilipofika kwenye ukurasa wa C nikasoma ile sentensi kwa sauti, na meza nzima ikacheka. Niliongeza madoido, nikaigiza kidogo, wakacheka zaidi. Chef alijifuta macho na kusema, huku bado anacheka, kwamba huyo si mwingine ni Kalenga. Kalenga na mama mkwe wake. Kila mtu akaitikia. Halafu jicho lake likashuka mstari mmoja kwenye karatasi, penye hesabu ya taa, na kicheko kikamwisha usoni. Akauliza kama ni kweli huyu mzee anazima kengele za hatari bila kutazama. Prof alieleza vizuri sana kwamba tatizo si mtu, ni kifaa kilichokufa, na mtu yeyote angefanya hivyo. Chef aliandika kitu kwenye karatasi yake. Alikuwa haandiki habari za kifaa.

Kabla ya wiki kuisha walimsimamisha kazi. Wiki iliyofuata walimfukuza, kwa uzembe unaohatarisha maisha ya wenzake. Kifaa walikileta baada ya miezi, sawasawa na tulivyopendekeza. Skrini waliijenga, ina hatua tatu za kuizima ile pampu, na Ilunga aliniambia kwamba inafanya kazi vizuri. Utafiti wetu ulikuwa mzuri! Sitaki mtu adhani ulikuwa mbaya. Ulikuwa mzuri na ulimla yule aliyetukabidhi kila kitu.

Nilikwenda nyumbani kwake siku ya Jumapili baada ya misa. Nilitegemea kutukanwa na nilikuwa tayari, hata nilitamani. Mkewe, Mama Odette, alinifungulia, akaweka kiti, akatoka bila salamu. Tata Kalenga alikaa mbele yangu na shati lake la kanisani, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Nilianza kumweleza kuhusu mfumo. Akainua kiganja kuninyamazisha, kisha akashuka kwenye kiti chake kidogo kidogo, mpaka nikaelewa kwamba mzee huyu anataka kupiga magoti mbele yangu. Nilimshika mabega. Tulibaki hivyo, nusu tumesimama, nusu tumekaa.

“Mi siko nakugombeza, mutoto wangu. Enda kwa chef. Umuambie ulichanganya makaratasi, bile byote haikuwa mutu moja, ilikuwa bantu mingi. Ni neno moja tu. Nje ya ile kazi mi sijue kitu ingine.”

Nilimwahidi. Nililia na nikaahidi, na nilipoahidi nilikuwa namaanisha.

Jumatatu nilimwambia Prof. Hakunigombeza, alizungusha kalamu mezani. Kisha akanieleza kwamba nikisema nilichanganya karatasi, ripoti nzima inakufa. Kifaa hakitaletwa, skrini itajengwa na watu wasiojua lolote, na kazi yangu ya mwisho chuoni itahesabiwa kuwa ya uongo. Yeye ataandika barua ya kumtetea mzee. Aliandika, ndiyo. Haikujibiwa. Lakini hakunikataza kwenda, hilo lazima niliseme. Aliniambia niamue mwenyewe, na kwa neno hilo alinimaliza kabisa.

Nilikwenda Jumanne. Nilikaa kwenye benchi ya walinzi langoni asubuhi nzima, nikiikariri sentensi yangu: nilichanganya karatasi, chef, Opereta C si mtu mmoja. Maneno mafupi. Niliyasema moyoni mpaka yakawa hayana maana tena. Wakaniita. Nikapita kwa karani wake, mama mmoja aliyekuwa anaandika barua mezani, mlango wa ofisi uko wazi nyuma yake. Chef alinipokea vizuri, akaagiza chai, akakohoa, akauliza masomo yanaendaje. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa somo. Nilimweleza jinsi kengele inayodanganya inavyoua usikivu wa mtu. Nilimchorea mchoro. Nilizungumza labda nusu saa, vizuri, kwa ufasaha, na kila sentensi niliyosema ilikuwa inaikanyaga ile moja niliyokuja nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza jambo moja, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka kufunga faili.

“Kwa hiyo, makaratasi yako iko ya kweli?”

“Ndiyo, chef. Ni ya kweli.”

Akanishukuru. Nilikunywa chai ikaisha. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini niliimaliza ile chai, na sina jibu ila kwamba ilikuwa imemiminwa na sikutaka kuonekana sina adabu.

Nilipita kiti cha karani, kitupu, nikaenda moja kwa moja kwa Tata Kalenga, kwa sababu nilijua nisipokwenda siku ile sitakwenda tena. Alikuwa amesimama uani akiningoja, ameshavaa viatu vya kazi. Nilimwambia kwamba nilisema. Nilimwambia kwamba nilisema kila kitu kama alivyoniagiza na kwamba chef alikataa. Niliongeza na maneno ya chef, niliyabuni pale pale, eti karatasi ni karatasi. Uongo ulitoka laini, bila kukwama popote, mimi niliyeshindwa kuutoa uongo wa kumwokoa. Tata Kalenga akaniambia asante, mutoto wangu, ulijaribu. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanitafutia pikipiki, akamwambia dereva aendeshe pole.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule siikumbuki vizuri. Nilitetea kazi yangu chuoni na nikapewa sifa. Nilikuwa nikiamka usiku, nakaa kitandani, naanza kumwandikia barua, naichana. Tata Kalenga alizunguka viwanda vyote vya Kolwezi. Hakuna aliyemchukua, kwa maana kila mahali habari ilikuwa imemtangulia. Mwisho akauza nyumba akarudi Kasaji kulima mihogo. Mimi nikawa msaidizi, nikawa mwalimu, nikawa mama mtu mzima mwenye miwani ninayewafundisha wengine kulinda watu wanaotukabidhi maneno yao. Naifundisha vizuri. Nawaambia jina si kitu cha kwanza cha kuficha. Wanaandika.

Nilikwenda Kasaji. Njia ilikuwa mbaya, nilifika siku ya pili ya kilio nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Ilunga alinipokea, nywele zake nyeupe tupu, akanionyesha nyumba ya wanawake. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, na Mama Odette pembeni kabisa, kitambaa cheusi, mdogo kuliko nilivyomweka akilini. Nilipiga magoti. Nilisema pole yangu. Kisha nikaanza kusema lile jambo, kwa sababu nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba safari hii halitabaki mdomoni. Nilimwambia kwamba siku ile sikusema. Kwamba nilikwenda kwa chef nikanywa chai, halafu nikamdanganya mume wake uso kwa uso. Nilisema kwa sauti ya chini lakini wanawake waliokuwa karibu waliacha kuongea. Mama Odette hakushtuka. Alingoja mpaka nimalize.

“Alijuaka,” alisema. “Ule mama wa kuandika kwa mulango ya chef tulikuwa naye mu kwaya. Alitukuta kwa nyumba mbele wewe ufike, akatuambia yote. Kalenga alivaa biatu bya kazi, akasema mutoto anakuja, atakuwa na haya, mumupokee muzuri.”

Nilikuwa nimeshika ukingo wa mkeka kwa mikono yote miwili.

“Alitukataza tusikuchukie,” Mama Odette akaendelea, sauti ile ile, bila kuipandisha. “Batoto balimusikia. Mi sikumusikiaka.”

Akageuka upande wa wenzake, na mmoja wao akaanzisha wimbo.